Vyumba Kumi na Vinane na Mshale Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kasema. Moyo umechakaa. Hakulitumia neno hilo, alizungukazunguka kama mtu anayetafuta pa kuegesha gari. Lakini nimefundisha ufundi wa viyoyozi miaka thelathini na mmoja, na naijua sauti ya mtu anayekuambia kwa upole kwamba kompresa haitengenezeki tena. Huenda miezi. Huenda wiki. Nisipande ngazi, nisibishane, niendelee kupima presha asubuhi na jioni na kuiandika kwenye kadi.

Basi nimeamua kutubu kabla sijafa. Nitaanza na daftari hili, kwa sababu halijibu.

Kosa langu ni hili. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ni fundi. Kampuni yake imempa jengo lake la kwanza kulisimamia mwenyewe: maktaba mpya, ghorofa tatu, vyumba kumi na vinane. Kila chumba kina mashine yake darini, na zote zinalishwa na mitambo miwili iliyo juu ya paa, kwa mabomba ya shaba. Kabla dari haijafungwa, mabomba hujazwa naitrojeni mpaka mshale wa geji usimame kwenye arobaini. Kisha watu husubiri saa ishirini na nne. Mshale ukibaki, bomba halivuji. Ukishuka, kuna tundu mahali, na hakuna kupumzika mpaka lipatikane.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Ijumaa, mjukuu alinipa heshima ya kuulinda mshale huo. Yeye alikuwa na kazi upande wa pili wa mji. Nikae tu, alisema, niandike namba kila baada ya saa mbili. Akaniwekea kiti chenye mto, chupa ya chai na karatasi. Tukaanza saa nane mchana, paa likichoma kama kikaango. Nikaandika mara mbili. Kisha nikasinzia.

Nilizinduka asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha, baridi imeingia mpaka kwenye soksi. Mshale uko thelathini na nane na nusu!

Mtu mwaminifu angepiga simu. Mimi nilitazama saa. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi, na saa mbili kamili angekuja Miwani.

Miwani ni mkaguzi wa mwenye jengo. Tulifundisha chuo kimoja. Alipewa ukuu wa idara niliostahili mimi, akaukalia miaka kumi na miwili, na mpaka leo akiniona huuliza kama bado nalala darasani. (Nililala mara moja. Mara mbili.) Ningekubalije anikute kwenye kiti chenye mto na mshale umeanguka? Nikafungua mtungi, nikaongeza naitrojeni mpaka arobaini. Nikaijaza karatasi: arobaini, arobaini, arobaini, mpaka mstari wa saa mbili. Miwani akaja, akasoma, akaguna, akaenda.

Balaa halikuishia hapo. Kufika saa saba mchana mshale umepanda wenyewe mpaka arobaini na moja na nusu! Nikajilaumu, bila shaka nilizidisha. Nikafungua kidogo. Pssss. Arobaini. Saa nane mjukuu akafika, akaichukua karatasi, akanishukuru kwa mikono miwili. Jioni hiyo alikwenda kwenye harusi ya rafiki yake, akarudi kesho yake usiku nywele zimejaa vumbi la chokaa. Vijana wa siku hizi hucheza mpaka ukumbi unapukutika. Wiki iliyofuata dari ikafungwa.

Sasa keshokutwa wanatia gesi. Alhamisi wanawasha. Kama tundu lipo, gesi itatoka, dari itabomolewa, na mjukuu wangu atarudishwa kushika ngazi za mafundi wengine. Yote kwa karatasi yenye saini yangu.

Lazima niseme. Nimeona hilo wazi kabisa. Lakini nimeona pia kwamba nikilitafuta tundu mwenyewe na kuliziba kimyakimya, hakutakuwa na la kusema. Mzigo umenitoka. Nimelala mchana kama mtoto mchanga.

Jumanne, 4 Machi

Muuguzi alikuja asubuhi, yule wa kila Jumanne. Akaitazama kadi ya presha, akasema namba zangu zimetulia kama za kijana. Nikamwambia ni nidhamu.

Alipoondoka nikaingia jikoni. Njia ya kale ya kutafuta tundu ni povu la sabuni: unalipaka kwenye maungio ya bomba, na panapovuja panachemka. Nikachanganya sabuni ya vyombo, ile ya limau, na maji, ndani ya chupa ya kunyunyizia nguo za pasi. Binti yangu akauliza nakwenda wapi na chupa yake. Nikasema namwagilia maua. Akasema hatuna maua. Nikasema ndiyo maana.

Nilikichagua chumba cha tisa, ghorofa ya kwanza. Hapo ndipo bomba kuu linapogawanyika, maungio ni mengi, na tundu lenye akili lingejificha hapo. Daktari kanikataza ngazi, lakini hakumkataza fundi mpaka rangi, ambaye tayari alikuwa juu ya ngazi. Nikamwambia mimi ni mhandisi mshauri. Akatazama ndara zangu. Nikamwomba afungue kile kifuniko cha darini, anyunyizie maji yangu kwenye mabomba na aniambie kama anaona mapovu. Akauliza anyunyizie kiasi gani. Nikasema aloweshe vizuri.

Ni mtu mtiifu kupita kiasi. Kichwa cha chupa kilipoziba, alikifungua akamimina yote. Lita nzima! Kisha akasema haoni bomba lolote, anaona sponji nyeusi tu.

Sponji. Mabomba yote yamevishwa sponji ya kuzuia joto. Povu halionekani hata likichemka mwaka mzima. Paka sabuni kabla ya kuvisha sponji: nililiandika hilo ubaoni kila mwaka, somo la kwanza, kwa chaki nyekundu.

Mara Miwani huyu hapa, na tochi yake. Akanusa. Akauliza nani kati yetu ameoga leo. Nikamwonyesha mpaka rangi, naye akakasirika. Miwani akasema kama nimepotea, wastaafu wanasubiriwa kwenye benchi la nje. Nikamshauri afute vioo, huenda akaona kwamba nimesimama. Tukaendelea hivyo kwa muda. Jambo la maana ni kwamba hakutazama juu. Nilitoka pale nimelowa jasho na nina furaha, ingawa sijui furaha ya nini, maana tundu silijui bado.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwomba mjukuu anichukue kwenye gari. Alinitazama kidogo, akanifungulia mlango.

Leo wamefunga pampu ya kunyonya. Hunyonya kila chembe ya hewa na unyevu ndani ya mabomba, kisha huzimwa, na watu husubiri kuona kama ule utupu utakaa. Tundu likiwepo, hewa ya nje huingia na geji husema. Nilipolikumbuka hilo nilitaka kuimba. Pampu itatubu kwa niaba yangu! Tundu litapatikana kihalali, kwa vipimo, na hakuna atakayemkumbuka mzee wa kiti chenye mto.

Pampu ikazimwa. Tukasubiri saa nzima. Geji haikutikisika. Mafundi wakapongezana.

Mtu mwenye akili timamu angeshukuru. Mimi nikatambua kwamba tundu letu ni la namna ya pekee: linaruhusu kutoka, haliruhusu kuingia. Sijawahi kuliona tundu la namna hiyo wala kusoma habari zake. Ndivyo lilivyo la hatari.

Sasa ikabaki kuchelewesha gesi. Nikapanda paani kwa lifti ya mizigo, nikakaa juu ya kasha karibu na mitambo, nikashika kifua, nikaguna kwa uchungu. Hakuna aliyesikia. Mjukuu alikuwa amevaa vizuizi vya masikio, anahangaika na mtungi wa gesi na mizani. Nikaguna zaidi. Nikaguna mpaka koo likakauka.

Aliyekuja ni Miwani. Hakuita mtu. Alivuta ndoo, akaketi, akasema kwamba na yeye humuuma papo hapo. Kisha akatoa mfuko wa dawa. Dawa zake ni aina sita; mimi ninazo nne tu. Alinieleza moja baada ya nyingine, ya moyo, ya sukari, ya magoti, moja ambayo hata daktari wake hakumbuki ni ya nini. Anafuga mbuzi siku hizi. Mkewe aliyefariki alikuwa akimkumbuka marehemu mke wangu. Alipomaliza, gesi yote ilikuwa imeshaingia.

Kabla hajainuka aliniuliza, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tukiwa vijana, kama kuna kitu nataka kusema. Nikasema hakuna. Akanitazama kupitia vile vioo vinene. Akanipa peremende.

Naandika haya nikiimung'unya. Ya tangawizi. Kwa nini yeye apewe aina sita?

Alhamisi, 6 Machi

Niandike kabla sijasahau lolote.

Wamewasha leo. Meneja wa kampuni alikuja mwenyewe. Mjukuu aliketi na kompyuta yake ukumbini, ghorofa ya kwanza, akawa anaita chumba kimoja kimoja. Sisi wengine tunamfuata fundi mwenye kipimajoto: anaingia, anasubiri, anasoma namba kwa sauti. Chumba cha kwanza, baridi. Cha pili, baridi. Mimi nyuma na mkongojo wangu. Kila chumba kikipoa, na mimi napata pumzi. Cha nane nilikuwa karibu kucheka.

Chumba cha tisa, kimya.

Taa ndogo ikawaka, ikazimika, ikawaka. Mjukuu akajaribu tena. Kimya. Meneja akauliza, taratibu kabisa, kama tatizo ni gesi.

Nikaiona dari imelala sakafuni. Nikamwona mtoto wangu amebeba ngazi ya mtu mwingine. Nikaegemea mlango, nikasema ni mimi.

Nikasema yote. Usingizi, mshale, mtungi, arobaini zote zile, pssss. Nikasema asilaumiwe mtoto, alimwamini babu yake, na hilo ndilo kosa lake la pekee. Nilitegemea kukatizwa. Hakuna aliyenikatiza. Haipendezi, kutubu mbele ya watu wanaosikiliza vizuri namna ile.

Mjukuu alikuwa tayari juu ya ngazi, kichwa kimezama darini. Akashuka na kitambaa kinachodondoka. Chumba kizima kikanuka limau.

Chini ya kila mashine kuna trei ya kupokea maji, na ndani ya trei kuna kielea. Maji yakizidi, kielea hupanda na mashine hujizima ili isimwage maji vichwani mwa watu. Kuna pampu ndogo ya kuyatoa maji hayo, lakini ni pampu ya maji, haikutengenezwa kwa povu. Trei ya chumba cha tisa ilikuwa na lita nzima ya sabuni ya vyombo. Mashine haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa imeogeshwa.

Ikanibidi nitubu na hilo. Mpaka rangi, akiwa mlangoni, akauliza kwani huyu si ndiye mhandisi mshauri.

Wakaifuta trei. Ndani ya dakika kumi chumba cha tisa kikawa baridi kama vingine. Vingine tisa vikafuata bila neno. Lakini mimi bado nilikuwa kwenye mshale. Nikamwambia mjukuu kwamba tundu lipo, leo au kesho gesi itaisha. Akatoa simu yake, akanionyesha mchoro.

Ile geji ina kumbukumbu! Huandika yenyewe kila dakika na kutuma kwenye simu. Mstari ulishuka polepole usiku kucha. Saa mbili kasoro dakika kumi ukaruka wima. Ukapanda na jua. Saa saba ukaanguka kama jiwe.

Nikauliza aliuona lini.

"Siku ile ile, Babu. Kabla sijashuka kwenye lifti."

Hakukuwa na harusi. Jumamosi ile ile jioni alirudi, akapima upya mpaka Jumapili jioni, akiandika kila mara mshale na joto la hewa pamoja. Shahidi wake alikuwa Miwani, kwenye kiti changu, juu ya mto wangu. Bomba halikuvuja. Halijawahi kuvuja. Karatasi iliyo kwenye faili ni hiyo ya pili. Yangu ameiweka kwenye droo yake ya nguo.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Hapo nilihitaji kiti. Miwani alikisogeza yeye. Nikauliza, kama hakuna tundu, mshale ulishukia nini. Miwani akakohoa.

"Swali la nne, Mwalimu."

Miaka ishirini mfululizo nimelitunga swali hilo. Mtungi umefungwa gesi mchana wa jua kali. Alfajiri baridi imeingia. Tafuta mshale utasoma ngapi. Gesi ikipoa hunywea, ikipata joto hutanuka, na mshale hushuka na kupanda bila tundu lolote. Alama kumi. Nimewafelisha watu kwa swali hilo. Nilimfelisha mmoja ambaye leo ni diwani.

Nililia kidogo. Niliwaambia ni hewa ya kiyoyozi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala mpaka saa tatu. Kifua chepesi. Nadhani nilikuwa nimebeba mtungi mzima wa naitrojeni mle ndani kwa wiki tatu.

Baada ya chai nimelifanya swali la nne. Joto la mchana thelathini na nne, la alfajiri ishirini na mbili. Jibu: thelathini na nane na nukta nne. Geji yangu ilisoma na nusu. Nimejipa alama tisa. Moja nimekata kwa kuchelewa kuwasilisha.

Binti yangu alikuwa anajua, kumbe. Wote walikuwa wanajua. Alisema aliiona chupa yake ya pasi ikitoka mlangoni akajua mambo yameiva, akampigia mjukuu kumwambia Babu yu njiani na sabuni. Nikauliza mbona basi hawakunizuia. Akasema daktari amekataza nisibishiwe. Nilidhani ni mimi niliyekatazwa kubishana.

Jambo moja linanitafuna. Miwani alikaa kwenye kile kiti saa ishirini na nne. Nimempigia mjukuu kumuuliza kama alisinzia. Amekataa kujibu. Amekataa! Siku yangu imekamilika.

Jumamosi, 8 Machi

Majaribio ya mwisho. Mashine zote kumi na nane kwa pamoja, kutwa nzima, madirisha yamefungwa, jua limesimama juu ya paa. Mjukuu alinipa karatasi na kipimajoto akaniomba nizungukie ghorofa ya kwanza. Mimi! Baada ya yote yale. Mafundi wake walitazamana. Akawaambia babu yake anajua kusoma kipimajoto tangu baba zao hawajazaliwa.

Vyumba vingine vyote vilisoma nyuzi ishirini na tatu. Chumba cha tisa, ishirini na nne. Nilisimama pale muda mrefu. Kalamu ilivutwa na ile tatu kwa nguvu ambayo siwezi kuieleza. Ingependeza sana, safu nzima ya tatu. Nikaandika nne.

Mjukuu akaisoma, akaingia chumba cha tisa, akatoka akicheka. Kulikuwa na dirisha halikushika vizuri. Akalifunga. Kikawa ishirini na tatu.

Jioni Miwani akatia saini. Alisaini polepole, kama mtu anayechonga jiwe. Meneja akamwambia mjukuu kwamba jengo lijalo ni lake, mashine arobaini na mbili, na mafundi wake achague mwenyewe. Alikuja kunieleza nikiwa ukumbini, kwenye kiti, chini ya ile hewa ya baridi. Aliulaza mkono wake begani kwangu na tukaisikiliza mitambo. Mtambo uliofungwa vizuri hausikiki. Unausikia ukimya wake tu.

Ndani ya gari aliniambia kwamba hata bila mchoro angejua. Namba kumi na mbili, kalamu moja, mwandiko mmoja umelalia upande mmoja, na tone la chai kwenye mistari miwili ya juu tu. Mtu anayeandika saa ishirini na nne, alisema, mkono wake hubadilika. Kisha akataka nimwahidi kwamba tangu leo nitaandika ninachokiona, si ninachokitamani. Nimeahidi. Nilishika dashibodi kwa mkono wa kulia nikaahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Mtu mpya kabisa. Nimeoga, nimenyoa, nimekula uji wote. Sina siri na mtu yeyote duniani. Daktari anaweza kusema atakalo. Nikiondoka, naondoka mwepesi.

Muuguzi anakuja kesho asubuhi. Nimeitoa kadi ya presha. Tupu tangu Jumanne. Kile kipimo sijui hata kiko wapi. Betri zake nilizitia kwenye rimoti ya televisheni mwezi wa kwanza.

Nilifikiria kumwambia. Nililifikiria kwa dhati, karibu dakika nzima. Lakini ni binti mwema, ana wagonjwa wengi, na si haki kumwongezea wasiwasi mtu wa namna ile.

Safari hii nimetumia kalamu mbili. Asubuhi ya bluu, jioni nyeusi. Mwandiko wa asubuhi umelalia kulia, wa jioni unasinzia. Alhamisi nimeipandisha kidogo, kama inavyostahili Alhamisi ile. Na Ijumaa nimedondosha tone la chai.

Mjukuu wangu ni mwalimu mzuri kuliko nilivyokuwa mimi.

Nimeisoma kadi mara mbili. Presha yangu ni nzuri ajabu. Nimefarijika mno.